Mkia Nje: Tulivyogandisha Barafu Doha

Mabomba yalikuwa yanaimba. Hiyo ndiyo sauti ya siku yangu ya kwanza kazini, na mpaka leo nikifumba macho naisikia. Upepo wa kaskazini, ule ambao wenyeji wa Doha wanauita shamali, ulikuwa unapita juu ya midomo ya mabomba meusi ya plastiki yaliyolazwa kiwanjani, mamia kwa mamia, na kila bomba linapiga mluzi wake. Yaliyokatwa mafupi yalilia kwa sauti nyembamba, marefu yaliguna. Mimi na ufagio wangu tukasimama. Nikasema moyoni, kumbe ujenzi una muziki.

Mzee mmoja mwenye kofia ya njano akaja mbio, mfuko umemjaa vizibo vya plastiki.

"Mwanangu, wasikiliza nini? Ziba!"

Huyo alikuwa Mzee Shaame wa Pemba, fomeni wa mabomba. Akanieleza huku anaziba: bomba likiimba maana yake mdomo uko wazi, na mdomo ukiwa wazi mchanga unaingia, na mchanga ukiingia leo, kesho maji ya baridi hayapiti. Nikashika vizibo nikaanza upande wa pili. Vilipokwisha, mabomba kadhaa yalikuwa bado yanapiga mluzi, na Mzee Shaame alikuwa mbali. Niliona aibu kumfuata na kusema vimekwisha, nisije nikaonekana binti wa visababu siku ya kwanza tu. Nikavua mtandio wangu wa buluu wenye ua kubwa katikati, nikauchana vipande saba, nikaviingiza midomoni. Kimoja kilikuwa kinapeperushwa, nikakisukuma ndani kwa kijiti mpaka kikatulia. Uwanja ukanyamaza. Nikajisifu.

Jioni vizibo vingine vililetwa, nikapita kuvitoa vitambaa vyangu na kuweka vizibo mahali pake. Nikavifua, nikavifanya vya kufutia vikombe. Sikuvihesabu.

Vijana mnaosoma, labda mnajiuliza mtu kama mimi nilifikaje pale. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha nne Morogoro kwa matokeo ambayo siyaandiki hapa. Ilikuwa miaka michache tu baada ya Doha kuandaa Michezo ya Asia, na kila ulipogeuza shingo uliona winchi angani. Kampuni ya usafi ilinichukua, ikanipeleka kwenye ofisi ya ujenzi wa chuo kikuu kimoja. Cheo changu kiliitwa farasha, yaani mhudumu: chai, ufagio na kupeleka karatasi meza hadi meza. Mchanga wa Doha haufagiliki, unauhamisha tu.

Nilipowaambia wenzangu tuliokuwa tunakaa nao chumba kimoja mtaa wa Fereej Bin Mahmoud kwamba tunajenga ukumbi wa barafu, walicheka mpaka chai ikawapalia. Jua la Julai kule linalainisha kandambili miguuni. Na barafu niliyoijua mimi ni ile ya ukwaju kwenye mfuko wa nailoni, niliyokuwa nikiuza shuleni nikiwa mdogo. Lakini mimi ni mtu wa ndoto. Usiku nililala nikijiona nimesimama juu ya barafu kubwa kama uwanja wa mpira, yote ya ukwaju.

Ngazi ya wakubwa ilikuwa hivi. Juu kabisa Meneja wa Mradi, ambaye wote tulimwita Mudiri, mtu mrefu asiyevua kofia ya kazi hata akinywa kahawa. Alikuwa na "insha'Allah" mbili, moja ya ndiyo na moja ya hapana, na utaalamu wangu wa kwanza ulikuwa kuzitofautisha. Chini yake alikuwapo Injinia wa Ubaridi, Mkenya wa Bungoma, jina lake Wafula. Yeye ndiye mwenye dhamana ya baridi yote. Chini ya injinia, Mzee Shaame na mafundi wake.

Injinia Wafula hakuwa mchoyo wa elimu. Siku moja nimempelekea chai nikamuuliza barafu itatoka wapi, akageuza karatasi iliyofungiwa chapati akanichorea. Chini kabisa, juu ya udongo ulioshindiliwa, kuna mabomba ya joto. Nikamuuliza kama tunatengeneza barafu au tunapika. Akasema ardhi ikiganda huvimba, na ikivimba itabeba ukumbi mgongoni, kwa hiyo lazima ipashwe moto kidogo mwaka mzima. Juu ya joto, mbao nene za povu za kuzuia baridi isishuke. Juu ya povu, wavu wa nondo, na juu ya wavu yamefungwa yale mabomba meusi, yamekaribiana kama meno ya kitana. Kila bomba linakwenda mpaka mwisho wa uwanja, linageuka, linarudi, na ncha zake mbili zinaungwa kwenye mabomba makuu yaliyolala mtaroni. Kisha zege linafunika vyote. Ndani ya mabomba hupita maji ya chumvi kali, maana chumvi huyafanya yawe baridi kupita barafu bila kuganda. Na barafu yenyewe? Akanionyesha vidole viwili. Unene ule tu. Mnara wote ule wa kazi kwa ajili ya vidole viwili.

Nilichopenda zaidi ni kwamba ukumbi ule ulichorwa uwe na maisha mengi. Asubuhi vijana wateleze, jioni zilazwe mbao nene juu ya barafu wacheze mpira wa kikapu, wiki ya mitihani yapangwe madawati, na mwisho wa mwaka wahitimu wapite na majoho, barafu imelala chini ya viatu vyao bila kuyeyuka. Viti vya upande mmoja vilisukumwa ukutani kama droo ya kabati. Mpaka leo, waliowaza vile nawavulia kilemba.

Kazi ya mabomba ilikuwa ya Mzee Shaame, na sijaona fundi wa mfano wake. Kuunga bomba la plastiki, unapasha ncha mbili kwenye bamba la moto, ukilitoa unazikutanisha na kuzibana mpaka zitoe mdomo mdogo pande zote, halafu unasubiri bila kutikisa. Ukiharakisha, kiungo kitavuja. Mafundi wengine walitumia saa. Mzee Shaame alisoma Alhamdu mara tatu, taratibu, ndipo anaachia. Injinia, ambaye ni Mkristo wa kwenda kanisani kila wiki, alimpima kwa saa yake siku nzima, akakuta hapishani na maelekezo ya kiwanda. Tangu hapo akawaambia mafundi wake wengine nao watafute cha kusoma.

Viungo vilipokwisha, tukajaza hewa kwenye mabomba yote kwa kompresa, tukafunga, tukatazama mshale wa geji kutwa nzima. Haukushuka. Watu wakapongezana. Lakini nyinyi mtakaoshika kazi hizi, lishikeni hili: kipimo kile hutafuta palipotoboka. Hakitafuti palipoziba.

Zege tulilimwaga Januari. Lori zilianza alfajiri, zikafuatana bila kukatika mpaka alasiri, kwa sababu zege la barafu halitakiwi kuwa na kiungo. Mzee Shaame alilaza mbao za kupitia watu, akasimama katikati kama askari wa barabarani, lisikanyagwe bomba hata moja. Alikanyagwa yeye.

Miezi ikapita: kuta, paa, mitambo ya kukausha unyevu, milango miwili miwili ya kuzuia joto lisiingie na mgeni. Mwezi wa Juni, nje kukiwa hakushikiki, siku ya kupoza sakafu ikafika. Ilikuwa Alhamisi. Wote tulipanga foleni ukingoni na makoti ya kuazimana. Maji ya chumvi yakaanza kuzunguka chini, na mbele ya macho yetu zege likaota umande mweupe, mstari baada ya mstari, kila mstari na bomba lake. Kama mtu anatandika shuka lenye mistari. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Kisha nikaona mstari mmoja mpana haukuota kitu. Ulibaki mweusi, mrefu, toka mwanzo wa uwanja mpaka mwisho. Njia ya ishirini na tatu, yaani bomba moja, kwenda kwake na kurudi kwake.

Injinia akachuchumaa, akaweka kiganja. Akasema maji hayapiti, na hapohapo kila mtu akawaza jambo moja: bomba limekanyagwa siku ya zege, limebanana, liko ndani ya jiwe. Wakaguzi wa chuo walikuwa wanakuja wiki inayofuata. Mudiri alizungumza polepole, kwa hiyo tulijua amekasirika. Alisema ikifika Jumapili njia ile haijafunguka, sakafu itakatwa kwa msumeno, na fomeni wa mabomba atarudishwa kwao na barua ya kusema kazi yake ilikuwa mbovu. Mzee Shaame alikuwa amebakiza wiki chache tu arudi Pemba kwa heri baada ya miaka mingi ya Ghuba, na kitu pekee alichokuwa akikizungumzia ni kwamba ataikanyaga hiyo barafu kwanza, akawasimulie wajukuu. Nilimtazama. Hakujitetea.

"Kama bomba langu limekufa," alisema, "basi ni langu. Sina la kuongeza."

Jioni ile nilikwenda nyumbani nikachemsha maji ya chai, nikachukua kitambaa cha buluu kufuta kikombe. Mkono ukasimama. Nikavikusanya vyote, nikavitandaza kitandani, nikaviunganisha kama mtoto anayepanga picha. Pindo lilikuwapo. Pembe zote zilikuwapo. Lililokosekana ni ua la katikati.

Mabomba yale yalikuwa meusi mpaka ndani, na kile kipande nilikisukuma kwa kijiti. Fundi angekionaje? Alikata ncha, akasawazisha, akaunga, na mzee wa watu akasoma Alhamdu mara tatu juu yake.

Sitadanganya kwamba nilifikiri haraka. Nilifikiri kazi yangu, tiketi ya kurudishwa, mama yangu atakavyowaeleza majirani. Nilifikiri pia kwamba hakuna anayejua. Nililala na mawazo hayo, nikaamka nayo, yakiwa yamezidi uzito.

Ijumaa hakuna kazi. Simu ya injinia sikuwa nayo, ila nilijua Wakristo wa Afrika Mashariki hukusanyika Mesaimeer, kwenye makanisa. Nikapanda basi na hijabu yangu, nikasimama nje ya geti kwenye jua, watu wanaingia na kutoka wananitazama. Injinia Wafula akatoka amevaa suti, Biblia kwapani, akaniona.

"Rehema? Wewe unafanya nini huku? Umeokoka?"

"Bado, injinia. Nimekuja kuungama lakini."

Alicheka. Nikamtolea vile vipande sita kwenye mfuko, nikamwambia yote, kuanzia vizibo vilipokwisha mpaka ua la katikati. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Akavishika vitambaa, akavikunja, akavikunjua.

"Hii maneno ungeniambia hata jana usiku ningekuja na taulo nikiwa nimejifunga," alisema. "Unajua umeniambia nini? Bomba likikanyagwa, limekufa, hiyo ni msumeno. Lakini kitambaa... kitambaa inaweza toka."

Ndipo hapo nilipoelewa kwamba aibu yangu ndiyo ilikuwa dawa, na kwamba nilikaribia kuizika mara ya pili.

Jumamosi asubuhi tuliingia mtaroni watu wanne: injinia, Mzee Shaame, fundi wake mmoja, na mimi nimeshika taa. Mzee alikuwa hajaambiwa. Injinia alimwambia tu afungue ncha zote mbili za njia ya ishirini na tatu kutoka kwenye mabomba makuu. Mpango wake ulikuwa mwepesi: tangu Alhamisi maji yalikisukuma kitambaa upande mmoja, kikazidi kubana. Sasa tusukume kwa hewa kutoka upande wa pili, kirudi kilikotoka. Wakafunga mpira wa kompresa kwenye ncha ya kurudia, na mbele ya ncha ya kwanza wakaweka ndoo.

Hewa ikaingia. Kimya. Injinia akaongeza. Kimya. Akaniangalia mimi, akaangalia geji, akaongeza tena kidogo, akasema hapa ndipo mwisho, zaidi ya hapa tutapasua. Nikasikia kitu kinakwaruza mbali, chini ya zege, kinakuja, kinasimama, kinakuja. Kisha ndoo ikaruka na maji ya chumvi yakatulowesha sote.

Mzee Shaame akainama. Akaokota kitambaa cha buluu, akakikamua, akakitandaza juu ya goti lake. Ua lilikuwa zima.

Sikungoja aniulize. Nilimwambia. Akanisikiliza mpaka mwisho, anajifuta ndevu.

"Kwani siku ile mbona hukunambia kama vizibo vimekwisha?"

"Niliona aibu, mzee. Ilikuwa siku ya kwanza."

"Aibu ya dakika moja, mwanangu. Umeilaza chini ya zege miezi yote hii, ikatugandia." Akatikisa kichwa, kisha nikaona mabega yake yanacheka. "Na mtandio wenyewe ulikuwa mzuri. Ungalivaa."

Mudiri alipokuja na kuona kitambaa, aliuliza cha nani. Nikainua mkono. Mzee Shaame naye akasema ni chake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeniamuru nizibe bila kuniuliza vizibo vinatosha. Mudiri akatutazama, watu wawili tunagombea tambara lililolowa. Alisema mengi, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, mengine injinia hakunitafsiria. Hukumu yangu ikawa kwamba chai nimeachishwa. Kuanzia siku ile nitakaa ukingoni mwa barafu na kipimajoto, niandike hali ya njia ya ishirini na tatu kila nusu saa, mpaka yeye atakapochoka kusoma. Na barua ya mzee? Mudiri alisema insha'Allah. Nilimtazama usoni. Ilikuwa ile ya ndiyo.

Kabla ya kuondoka, Mzee Shaame aliweka sheria kwa mafundi wote. Kitu chochote kitakachoingizwa kwenye bomba, kiwe kizibo, kiwe gazeti, kiwe mtandio, lazima kiachwe mkia nje, mwekundu, unaoonekana kwa mbali. Mkia nje. Nimekutana na maneno hayo miaka ya baadaye kwenye maeneo mengine ya ujenzi Doha, yanatamkwa na watu wasiojua Kiswahili.

Tukaanza kutengeneza barafu. Haimwagwi, vijana. Inanyunyizwa kama manukato, tabaka jembamba kama karatasi, linaganda, unanyunyiza tena, zamu baada ya zamu. Katikati unapaka rangi nyeupe, maana barafu yenyewe haina rangi na zege lingeonekana chini. Unachora mistari ya mchezo, unaifunika kwa tabaka jingine. Njia ya ishirini na tatu iliganda sawasawa na jirani zake. Niliandika hivyo mara nyingi hata daftari likaisha.

Siku barafu ilipotimia, Mzee Shaame aliletwa. Alikuwa ametoka kununua samaki soko la Abu Hamour, akaja na mfuko wake, akauweka juu ya barafu akasema angalau leo hawataoza. Akavua viatu akabaki na soksi mbili mbili. Akatembea mpaka katikati, akatoa spana mfukoni, akagonga barafu mara moja, akatega sikio.

"Imeshiba," alisema. Akaondoka Pemba wiki ile, na barua nzuri.

Mimi ile adhabu ikanifanya mtu. Kutoka kuandika vipimo nikafundishwa kusoma mitambo, kisha kuongoza kikosi cha kubadili ukumbi, kufunika barafu kwa ajili ya mahafali na kuifunua. Injinia Wafula alinisomesha kwa karatasi za chapati mpaka nikaacha kuzihitaji. Nikahamishiwa uwanja mdogo wa barafu kwenye duka kubwa moja, chini ya Msimamizi wa Zamu aliyependa kelele kuliko vipimo, nikarudishwa chuoni, na mwishowe mimi ndiye niliyekuwa naitwa mudira, yaani meneja wa kike, kwa utani. Nimesimama gizani nyuma ya pazia nikatazama wahitimu wanavuka juu ya mbao, na mimi peke yangu nafikiria mabomba yaliyo chini yao, yakipitisha maji vizuri.

Magoti ndiyo yaliyonistaafisha. Baridi ya miaka ile imeingia humo, haitoki hata kwa hewa ya kompresa. Nilirudi Morogoro muongo uliofuata ukielekea mwisho. Watu huniuliza kama nilipata utajiri. Nawaambia nilipata jambo moja la kuwaachia vijana: kazi kubwa haiangushwi na mtu asiyejua, maana asiyejua huuliza. Huangushwa na anayeona haya kusema vizibo vimekwisha. Na nawasifu waliojenga ule ukumbi, kwa sababu walinipa nafasi ya kusema nikiwa nimechelewa.

Wiki iliyopita nilikuwa natoka sokoni, nikapita kiwanja wanachojenga zahanati. Mafundi walikuwa wamekwenda kula. Upepo ulikuwa unashuka kutoka milima ya Uluguru, na kwenye rundo la mabomba ya maji nikasikia mluzi mmoja, mwembamba.

Niliweka kikapu chini. Nikachana pindo la khanga yangu nyekundu, nikalikunja, nikaziba nalo bomba lile. Kisha nikalivuta kidogo nje, likabaki linapepea urefu wa kiganja, nikachukua kikapu changu nikaenda.